Gari Linapochemsha na Hita Inapopuliza Baridi: Somo kwa Mlaji Mwenye Gari, Bukoba na Muleba



Dereva atokaye Bukoba kwenda Muleba hupita Kemondo na Muhutwe, na akichagua njia ya Kamachumu hupanda mlima mrefu kabla ya kufika uwandani. Mara nyingi gari limejaa: abiria, mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa. Mvua za Kagera nazo hazina ubahili, na asubuhi nyingi vioo vya gari huvaa ukungu. Katika mazingira haya mfumo wa kupoza injini hufanya kazi kubwa, na hita, ambayo wengi huidhania kuwa anasa ya nchi za baridi, huwa kifaa cha usalama.

Hata hivyo, matatizo ya mfumo huu ni miongoni mwa yale yanayomgharimu mlaji fedha nyingi bila sababu. Hulipia rejeta mpya ilhali kilichoharibika ni mfuniko. Huondolewa kifaa ambacho injini inakihitaji, akaambiwa kwamba gari limepona. Somo hili limekusudiwa kumwezesha mtu asiye fundi kufanya mambo matatu: kuelewa mfumo unavyofanya kazi, kutambua dalili na kuzieleza kwa usahihi, na kusimama imara mbele ya muuza vipuri na mwenye gereji.

1. MFUMO UNAVYOFANYA KAZI

Injini huchoma mafuta ili kupata mwendo, lakini sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta hayo hugeuka joto. Takriban theluthi moja hulazimika kuondolewa na maji ya kupozea. Joto hilo lisipoondolewa, vyuma hutanuka kupita kiasi, oili hupoteza ulaini wake, na silinda hedi, ambayo katika magari mengi ya sasa ni ya aluminiamu, hupinda.

Pampu ya maji huyasukuma maji kuzunguka silinda. Maji yakishapata joto huelekea kwenye thamostati, ambayo ni mlango mdogo wenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, mlango huo hubaki umefungwa ili injini ipate joto upesi. Joto likifika kiwango kilichoandikwa kwenye kifaa chenyewe, ambacho kwa magari mengi ni kati ya nyuzi 82 na 88 za sentigredi, nta huvimba na mlango hufunguka. Hapo maji hupita katika mpira wa juu na kuingia kwenye rejeta, hupozwa na upepo wa mwendo au wa feni, kisha hurudi kwenye injini kupitia mpira wa chini.

Kuna tawi dogo ambalo wengi hawalijui. Sehemu ya maji ya moto hupelekwa kwa mipira miwili myembamba hadi nyuma ya dashibodi, ambako kuna rejeta ndogo. Hiyo ndiyo hita. Kipuliza upepo hupitisha hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo inayoingia ndani ya gari ikiwa na joto. Kwa hiyo hita haina moto wake yenyewe. Huazima joto la injini. Mfumo wa kupoza ukiugua, hita huwa shahidi wa kwanza kusema.

2. KWA NINI MFUNIKO NI MUHIMU HAPA KWETU

Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Muleba na uwanda wa Kamachumu viko juu zaidi. Kadiri mahali panavyoinuka, ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua na maji yanavyochemka mapema. Pwani ya Dar es Salaam maji ya sufuriani huchemka kwa nyuzi 100. Bukoba mjini huchemka kwa takriban nyuzi 96.

Nyuzi nne huonekana kidogo, lakini injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 100. Maana yake ni kwamba maji matupu, katika mfumo ulio wazi, yangechemka hapa wakati injini ikiwa katika hali yake ya kawaida kabisa. Kinachozuia ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko huo una springi na mpira wa kuziba, na huufanya mfumo ubane hewa. Mfuniko ulioandikwa 0.9 au 1.1 huongeza kanieneo kwa kiasi hicho cha ba. Kwa ongezeko la ba moja, maji yanayochemka kwa nyuzi 96 kando ya ziwa hustahimili hadi karibu nyuzi 118.

Basi mpira wa mfuniko ukichanika, au springi ikilegea, gari zima linaweza kuchemsha mlimani ingawa rejeta, pampu na feni ni vizima. Mfuniko ni kipuri cha bei ndogo kuliko karibu vyote vingine katika mfumo huu. Ukaguliwe kwanza, injini ikiwa baridi. Na unaponunua mwingine, hakikisha namba yake inafanana na ile iliyoelekezwa kwa gari lako. Namba kubwa zaidi si ubora zaidi. Huweza kupasua mipira na kuvujisha rejeta kuukuu.

3. GARI LIKICHEMSHA NJIANI

Dalili ni geji ya joto kupanda hadi eneo jekundu, mvuke kutoka kwenye boneti, au harufu tamu ya dawa ya maji. Magari mengi madogo ya Kijapani hayana geji; yana taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi na kuzima baada ya dakika chache, na taa nyekundu inayowaka joto likizidi. Taa nyekundu ikiwaka, fanya yafuatayo kwa mpangilio huu.

Kwanza, zima kiyoyozi, punguza mwendo, na washa hita hadi mwisho wa joto huku kipuliza kikiwa kwenye nguvu kubwa. Utapata taabu ya joto, lakini hita itakuwa inaondoa sehemu ya joto la injini.

Pili, tafuta mahali salama pa kusimama, nje ya barabara na si kwenye kona. Weka alama za tahadhari. Usiseme, "Nitajikaza nifike Muhutwe." Kilomita chache zikiendeshwa katika hali hiyo zinatosha kupindisha silinda hedi.

Tatu, zima injini na usubiri si chini ya nusu saa. Usifungue mfuniko wa rejeta ungali wa moto. Maji yaliyomo yamezidi kiwango cha kuchemka na yanazuiliwa na mfuniko peke yake. Ukiufungua, hulipuka na kuunguza uso, kifua na mikono. Mwondoe kila mpita njia anayetaka kukusaidia kwa kitambaa na ujasiri.

Nne, mpira wa juu ukishapoa kiasi cha kushikika kwa mkono bila kuunguza, funika mfuniko kwa kitambaa kizito na uuzungushe taratibu hadi kituo cha kwanza. Sauti ya hewa ikiisha, ndipo uufungue kabisa. Ongeza maji kidogo kidogo. Maji baridi mengi yakimwagwa ghafla ndani ya injini yenye moto huweza kupasua chuma.

Tano, tazama chini ya gari na kwenye mipira. Kama maji yanamwagika kwa wingi, gari livutwe. Kama hakuna mvujo unaoonekana, unaweza kuendesha polepole hadi gereji ya karibu huku ukitazama geji au taa bila kuacha.

Kuna mtego mmoja unaostahili kukumbukwa. Maji yakiisha kabisa, kipima joto hubaki hewani na geji huweza kushuka, dereva akadhani gari limepoa. Ishara ya kweli hutolewa na hita: ikiwa ilikuwa inapuliza hewa ya moto, kisha ghafla ikapuliza baridi huku injini ikiwa ya moto, elewa kuwa maji hayafiki tena. Simama mara moja.

4. KUTAFUTA CHANZO

Fundi mzuri husaidiwa na maelezo mazuri. Badala ya kusema tu kwamba gari linachemsha, mweleze linachemsha lini. Jibu la swali hilo hupunguza nusu ya kazi.

(a) Linachemsha likisimama, hupoa likitembea. Upepo wa mwendo unasaidia, wa feni haupo. Tuhuma ni juu ya feni: fyuzi, rilei, waya, sensa au mota yenyewe. Kwa magari mengi, ukiwasha kiyoyozi feni huzunguka. Ikizunguka kwa kiyoyozi lakini haizunguki injini inapopata joto, mota ni nzima. Tatizo liko kwenye sensa au kwenye mfumo wa umeme unaoiamuru. Usiruhusu mota mpya inunuliwe kabla ya jaribio hilo. Kwa magari yenye feni inayozungushwa na mkanda, kagua mkanda na klachi ya feni.

(b) Linachemsha mlimani au likiwa na mzigo, lakini si likisimama. Feni inafanya kazi, ila uwezo wa kupoza hautoshi. Kagua kiasi cha maji, mfuniko, na usafi wa rejeta. Hapa kwetu uso wa rejeta huzibwa na vumbi jekundu, majani, na wadudu wadogo wa ziwani ambao huruka kwa makundi mithili ya moshi. Rejeta ioshwe kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Maji ya nguvu kubwa hupinda mapezi yake. Ikiwa nje ni safi na bado inachemsha, huenda imeziba ndani kwa kutu na magadi ya maji ya visima. Kagua pia kama mpira wa chini unajikunja injini inapovumishwa, na kama pampu inasukuma.

(c) Joto hupanda upesi baada ya kuwasha, na mpira wa juu bado ni wa baridi. Thamostati imekwama ikiwa imefungwa, au kuna hewa iliyonaswa ndani ya mfumo, au maji ni pungufu.

(d) Maji hupungua kila wiki na hakuna mvujo chini. Tazama kwanza mfuniko, kisha tundu dogo la pampu linalotoa matone pampu inapochakaa, kisha zulia la miguuni upande wa abiria: likilowa na kioo kikapata utando wenye utelezi na harufu tamu, rejeta ndogo ya hita inavuja. Yakikosekana hayo, mwombe fundi apime gasketi ya silinda hedi. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma kwenye ekzosi hata injini ikishapata moto, mapovu yasiyoisha kwenye rejeta, mipira kuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini iliyolala baridi, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Utando kidogo wa rangi hiyo chini ya kifuniko cha kujazia oili peke yake si ushahidi. Safari fupi fupi katika hali ya unyevu huweza kuuleta. Tazama kijiti cha kupimia oili.

(e) Geji haipandi, au taa ya buluu haizimiki hata baada ya safari ndefu. Thamostati imekwama ikiwa wazi, au imeondolewa. Hali hii ina sehemu yake katika somo.

5. HITA INAPOPULIZA BARIDI

Jaribio la msingi ni la mkono. Injini ikishapata moto, weka hita kwenye joto la mwisho, kisha gusa kwa uangalifu mipira miwili myembamba inayoingia ukuta wa nyuma wa injini. Jihadhari na feni na mikanda.

Mipira yote miwili ikiwa baridi, maji ya moto hayafiki. Chanzo ni maji pungufu, hewa iliyonaswa, thamostati iliyo wazi, au pampu dhaifu.

Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, maji yanafika lakini hayapiti. Rejeta ndogo imeziba, au vali ya hita, kwa magari yaliyo nayo, imefungwa.

Yote miwili ikiwa ya moto na hewa ikiwa baridi, mfumo wa maji ni mzima. Tatizo ni kibao kinachoelekeza hewa ndani ya dashibodi, waya wake au mota yake ndogo. Hapa usilipie thamostati wala rejeta.

Ikiwa hakuna upepo kabisa, wa moto wala wa baridi, kagua fyuzi na mota ya kipuliza.

Hewa iliyonaswa ni tatizo la kawaida baada ya maji kubadilishwa. Hutolewa hivi: gari liegeshwe mahali tambarare au pua ikiwa juu kidogo; injini iwe baridi; mfuniko ufunguliwe; hita iwekwe kwenye joto la mwisho; injini iwashwe na kuachwa ingurume polepole. Mapovu yatatoka, maji yatashuka, nawe utaongeza. Thamostati ikifunguka, mpira wa juu utapata moto na hita itaanza kupuliza joto. Hapo funga mfuniko, na kesho yake, injini ikiwa baridi, ukague tena kiasi cha maji. Magari mengine yana skrubu maalumu ya kutolea hewa. Fuata kitabu cha gari.

Na kwa nini tuhangaike na hita Bukoba, ambako hakuna theluji? Kwa sababu ya kioo. Mvua inaponyesha na gari likiwa na abiria, pumzi zao hugeuka ukungu kwenye kioo cha mbele. Dawa yake ni kuelekeza hewa kwenye kioo, kuruhusu hewa ya nje iingie badala ya kuzungusha ile ya ndani, na kuwasha hita pamoja na kiyoyozi: kiyoyozi hukausha hewa, hita huipasha joto. Dereva asiye na hita hufuta kioo kwa kiganja huku mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Barabarani kuna watoto waendao shule, pikipiki, na baiskeli zilizobeba ndizi.

6. THAMOSTATI ILIYOONDOLEWA: MFANO WA KUJIFUNZIA

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini mambo yake ni ya kila siku.

Mama mmoja wa Muleba ana gari dogo la familia. Siku moja lilichemsha likipanda kwenda Kamachumu. Fundi aliyeitwa akaongeza maji, akatoa thamostati, na kuunganisha feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. "Mama," akamwambia, "hiki kidude ni cha Ulaya. Hapa kwetu ni joto, hakina kazi." Gari halikuchemsha tena. Mama akalipa na kushukuru.

Baada ya miezi michache aliona mambo matatu: taa ya buluu haikuzimika, mafuta yalikwisha mapema kuliko zamani, na hita haikutoa joto. Hakuyaunganisha. Asubuhi moja ya mvua, akiwapeleka watoto shule, kioo kikajaa ukungu. Alipokuwa akikifuta kwa leso, mwendesha baiskeli alitokea mbele yake hatua tano tu. Alikanyaga breki kwa wakati. Siku hiyo hiyo akalipeleka gari kwa fundi mwingine, ambaye aliukagua mfuniko wa rejeta na kukuta mpira wake umechanika.

Tulichambue tukio hili. Chanzo tangu mwanzo kilikuwa mfuniko: maji yalichemka mlimani kwa sababu mfumo haukubana. Kuondoa thamostati kulifanya maji yazunguke kwenye rejeta muda wote, joto likashuka chini ya kiwango cha kuchemka, na kasoro ikajificha. Haikuondoka. Injini, ikidhani haijapata joto, iliendelea kujimiminia mafuta ya ziada kama ifanyavyo kila inapowashwa asubuhi. Injini inayofanya kazi baridi huchakaa upesi, na oili yake hukusanya unyevu na masalia ya mafuta. Kwa baadhi ya injini madhara ni makubwa zaidi: thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji, na ikiondolewa njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji ikarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Injini ya namna hiyo huweza kuchemsha mlimani kwa sababu ile ile ya kukosa thamostati.

Hoja ya kwamba kifaa hiki ni cha nchi za baridi haina msingi. Thamostati haipimi joto la nchi. Hupima joto la injini.

Ukitaka kujua kama thamostati ni nzima, iombe baada ya kutolewa. Itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, bila kugusa kitako, na upashe moto. Iliyoandikwa 82 au 88 inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi hizo. Kumbuka kuwa hapa maji ya sufuria hayavuki nyuzi 96, kwa hiyo thamostati nzima huenda isifunguke hadi mwisho kabla maji hayajachemka. Usiitupe kwa sababu hiyo. Inayostahili kutupwa ni isiyofunguka kabisa, au isiyofunga ikipoa. Tena sufuria hiyo isirudi jikoni.

7. MAJI YA KUPOZEA NA VIPURI

Kulanti ni mchanganyiko wa maji yaliyosafishwa na kemikali, mara nyingi glikoli, pamoja na dawa za kuzuia kutu. Watu husema ni ya kuzuia barafu, na Kagera hakuna barafu. Ni kweli, lakini kazi zake nyingine mbili tunazihitaji: huzuia kutu ndani ya injini na kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima au ya bomba hubeba madini yanayojenga gamba ndani ya mirija. Maji ya ziwa hubeba tope na viumbe. Wakati wa dharura tumia maji safi yoyote uliyonayo, kisha badilisha yote kwa kulanti mapema iwezekanavyo.

Unaponunua, soma lebo. Ipo iliyo tayari kutumika na ipo ya kuchanganywa, mara nyingi nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Rangi peke yake si kipimo: nyekundu ya kampuni moja si lazima ifanane na nyekundu ya nyingine. Angalia kiwango kilichotajwa kwenye kitabu cha gari. Usichanganye aina tofauti, kwani dawa zake huweza kupingana na kufanya tope. Maji yaliyotiwa rangi na kuuzwa kama kulanti ni udanganyifu. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, maelekezo wala tarehe isinunuliwe.

Kulanti ya glikoli ni sumu, na ladha yake tamu huwavuta watoto na wanyama. Isihifadhiwe kwenye chupa ya soda, na ya zamani isimwagwe shambani, mtaroni wala ziwani.

Kwa vipuri, nenda na namba ya injini au ya fremu ya gari lako. Linganisha kipya na cha zamani kabla ya kulipa. Kipuri kilichotumika si kosa kukinunua, ila thamostati, mfuniko, mipira na gasketi vilivyotumika havina akiba ya maisha. Rahisi ni ghali.

8. MLAJI KATIKA GEREJI

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na inatambua kuwa huduma anayolipia inapaswa kutolewa kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 hupambana na bidhaa bandia. Lakini haki isiyo na ushahidi ni vigumu kuitetea. Kwa hiyo fanya yafuatayo.

Kabla ya kazi, muulize fundi: Umepima nini, na umekuta nini? Omba makadirio kwa maandishi, hata kwenye karatasi ya daftari: kipuri, bei yake, ujira. Kubalianeni kwamba hakuna kitakachoongezwa wala kuondolewa bila ruhusa yako.

Baada ya kazi, dai vipuri vya zamani. Dai risiti yenye tarehe, jina la gereji, namba ya gari na kazi iliyofanyika. Ulizia dhamana na iandikwe. Kisha endesha gari pamoja na fundi kwa angalau dakika 20, ikiwezekana kwenye mwinuko, hita ikiwa imewashwa. Gari lililopona hufikia joto lake, hubaki hapo, feni yake huwaka na kuzima, na hita hupuliza moto.

Kukitokea hitilafu, rudi kwanza kwa mwenye gereji kwa heshima ukiwa na risiti. Msipoelewana, andika malalamiko yako kwa ufupi na uyawasilishe Tume ya Ushindani (FCC). Kwa bidhaa unayoitilia shaka kiwango chake, toa taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Hifadhi kipuri chenyewe na kifungashio chake.

Nawe una wajibu. Mweleze fundi ukweli, hata kama uliendelea kuendesha gari likichemsha. Usimshinikize afanye kazi ya saa tatu kwa saa moja. Na ukimwambia, "Nifanyie tu litembee," usishangae akikutii.

9. MATUNZO

Kila wiki: tazama kiasi cha maji kwenye chupa ya akiba, injini ikiwa baridi. Yakiwa chini ya MIN, kuna sababu. Kuongeza bila kutafuta sababu ni kuahirisha gharama.

Kila mwezi: binya mipira, tazama nyufa, ukague mkanda, uoshe uso wa rejeta, na uwashe hita kwa dakika tano.

Kila muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari: badilisha kulanti. Aina nyingi za kawaida hudumu takriban miaka 2, na za muda mrefu hadi miaka 5.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Gari lako linachemsha kwenye foleni ya sokoni lakini hupoa ukishika barabara ya Kemondo. Ni sehemu gani ikaguliwe kwanza, na jaribio lipi la bure ulifanye?

2. Mipira yote miwili ya hita ni ya moto, hewa ni baridi. Fundi anapendekeza rejeta mpya. Utamjibu nini?

3. Baada ya matengenezo taa ya buluu haizimiki. Ni swali gani utamuuliza fundi, na ni kipuri gani utamtaka akuoneshe?

Ukiweza kuyajibu haya bila kurudi nyuma, somo limekufaa. Ukishindwa, rejea sehemu ya 4, 5 na 6 kabla ya safari yako ijayo. Kitabu hiki kikae ndani ya gari, pamoja na lita mbili za maji safi na kitambaa kizito. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wenyewe, mara nyingi, ni mpira mdogo uliochanika chini ya mfuniko wa rejeta.